Mlango wa Kijani: shajara ya tamthilia yetu ya forodha

Mei 12

Muswada wa sehemu ya kwanza uliisha jana usiku, na leo tumeusoma kwa sauti, watu sita, sebuleni kwa dada wa mavazi pale Nkuhungu. Kurasa 44. Kurasa 19 zina bastola. Nilizihesabu mwenyewe baada ya mwongozaji kuniuliza, kwa upole wake ule unaouma, kama tunaandika tamthilia ya maafisa forodha au ya Vita vya Kagera.

Nikajitetea kwamba mtazamaji wetu usipompa mbio mapema anahamia kwenye mpira. Hakuna aliyenijibu. Mpiga picha akasema tu kuwa kukimbizana uwanja wa ndege kunataka uwanja wa ndege.

Hapo ndipo penye kazi. Dodoma tuna uwanja wa zamani uliobanwa na mji, halafu kuna huu wa kimataifa wa Msalato, barabara ya Arusha, wenye njia ya kurukia ya kilomita 3.6. Hadithi yetu inatokea kwenye uwanja wa kubuni wenye sura ya Msalato, siku ambayo ndege za nje zinatua mfululizo na meza ya forodha ina foleni. Kupiga picha ndani ya eneo la ukaguzi la uwanja wa kweli sikutarajia wala sikuomba. Tutajenga ukumbi wetu.

Sehemu 8. Mhusika mkuu ni Mwaja, afisa forodha, binti wa Kigogo aliyesomeshwa na mama muuza ubuyu. Jina la kazi, Mlango wa Kijani. Jina nalipenda kuliko muswada.

Mei 21

Mshauri amepatikana. Ni afisa forodha mstaafu, siku hizi analima zabibu Hombolo. Amekubali kutusaidia kwa sharti moja: jina lake lisionekane popote, hata kwenye shukrani za mwisho. Humu ataitwa Mzee.

Tulimkuta anapogoa mizabibu. Shikamoo, marahaba, karibuni, kisha akanawa mikono, akavaa miwani na kusoma kurasa zote 44 papo hapo, kidole kikifuata mstari. Sisi tukakaa kama watoto wanaosubiri matokeo. Alipomaliza aliuliza jambo moja.

"Huyu kijana wako ameona nini mpaka akaanza kukimbia?"

Sikuwa na jibu.

"Maana mimi sijawahi kumkimbiza mtu. Akimbie aende wapi, mwanangu? Pasi yake iko mkononi mwangu, begi lake liko mezani kwangu. Mimi nauliza swali moja, halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe."

Akatueleza milango. Abiria wa kutoka nje akishachukua mzigo wake anakutana na njia mbili: nyekundu ni ya mwenye kitu cha kutamka, kijani ni ya asiye nacho. Watu hudhani kijani ni njia ya kukwepa maswali. Kumbe ukishaingia kijani umeshajibu. Umetamka kwa miguu kwamba hujabeba zaidi ya kinachoruhusiwa. Na kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004: lita 1 ya pombe kali au lita 2 za mvinyo, gramu 250 za tumbaku, na kadhalika. Fedha taslimu ikizidi dola 10,000 za Marekani nayo lazima itamkwe.

Tukamuuliza kuhusu unga, yaani dawa za kulevya, maana sehemu zote 8 nilikuwa nimezijaza unga. Akacheka. Unga mwingi, akasema, haupandi ndege. Unavuka Bahari ya Hindi na majahazi kutoka pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan. Kwenye ndege utamkuta punda, mtu aliyemeza kete, yaani vifurushi vidogo vya unga, 80 na zaidi, kila moja gramu 10 hivi, anaomba Mungu isipasuke hata moja. "Huyo humkimbizi," akasema tena. "Huyo unakaa naye."

Narudi mjini nimebeba kilo mbili za zabibu na muswada usio na kitu ndani.

Mei 30

Bastola zimetoka zote.

Lakini sikuwa na mzigo. Tamthilia ya magendo bila mzigo ni nini? Dhahabu niliifikiria: kilo moja ya dhahabu haijazi viberiti viwili, kitu kizuri kwa kamera. Rubi za Winza kule Mpwapwa nazo nilizifikiria. Zote zilikuwa na harufu ya filamu nilizokwisha kuona.

Jana mpiga picha, ambaye kwao ni Kondoa, akasimulia huku tunakula chipsi mayai, wala hakuwa anatoa wazo. Alipokuwa mdogo alikuja mtu na pikipiki kijijini, akawaambia watoto kila atakayemletea kobe wa mawe, yule bapa, atapata hela ya daftari. Walishinda mwambani wiki nzima na vijiti. Yeye alipata wawili.

Kijiko kikanisimama mkononi.

Huyu kobe ni wa kwetu kabisa. Wengine humwita kobe chapati: urefu sentimita 17 hivi, unene vidole vitatu, gamba lake laini linalokunjika kidogo ili apenye kwenye ufa wa jiwe. Anaishi kwenye miamba ya nyanda kavu za Kenya na Tanzania, na nyanda hizi zetu za kati ni nyumbani kwake. Hutaga yai moja kwa wakati, kwa hiyo mlima ukishakombwa haujai tena upesi. Nje wako watu wanaomtaka awe pambo la sebuleni. Mwaka 2019 aliingizwa Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, yaani biashara ya kimataifa ya wale wa porini imefungwa. Na hapa nchini serikali ilishasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai tangu 2016. Watanzania hatujasahau twiga wanne waliopandishwa ndege wakiwa hai pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mwaka 2010. Kobe hahitaji ndege ya peke yake. Anaingia kwenye soksi.

Tena ana mbio. Ukimtisha hajifichi ndani ya gamba kama kobe wa hadithi za sungura, anatimua kwenda kwenye ufa. Mwongozaji alipolisikia hilo akaniambia haya, mbio zako umezipata, atakimbia kobe.

Binamu wa Mwaja ndiye atakuwa yule kijana anayeokota kobe mwambani. Nimeandika mpaka saa nane usiku.

Juni 7

Mzee amesoma muswada mpya. Ameupenda, halafu akaubomoa.

"Kobe wenu anaingia au anatoka?"

Anatoka, nikasema.

"Na mlango wa kijani ni wa nani?"

Wa wanaoingia. Nilihisi joto masikioni. Tamthilia nzima inaitwa jina la mlango ambao mzigo wetu haupiti.

Njia nzima kutoka Hombolo tulibishana. Kubadili jina? Dada wa mavazi ameshashona beji. Kubadili mzigo? Mpiga picha akasema akiondoka kobe na yeye anaondoka. Tulipofika Nzuguni, kwenye msongamano wa bodaboda, fundi wa sauti, ambaye huwa haongei, akasema: "Si begi lazima liingie kwanza?"

Tukapaki pembeni.

Basi sehemu ya kwanza imekuwa hivi. Mfanyabiashara anarudi nchini na mabegi mawili mapya, matupu, moja ndani ya jingine. Anapita mlango wa kijani. Hana cha kutamka, na ni kweli hana. Mwaja analinyanyua lile begi, anahisi uzito ambao begi tupu halipaswi kuwa nao, anauliza swali lake, ananyamaza. Mtu anajibu vizuri. Hakuna sheria inayokataza begi tupu. Inabidi amwachie, na sehemu ya kwanza inaishia kwenye mgongo wa mtu akitoka nje kwenye jua la Dodoma. Begi hilohilo litarudi mezani, likiwa linatoka, sehemu ya 8.

Nilimpigia Mzee kumsomea. Alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilidhani salio limekata. Kisha akasema mtu anayerudi safari na begi tupu angemshughulisha kuliko mwenye begi lililojaa, maana kwetu hakuna anayerudi bila zawadi.

Juni 15

Makaratasi. Muswada umepelekwa Bodi ya Filamu kuombewa kibali. Sheria yenyewe ni ya mwaka 1976, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, umri sawa na wa mwongozaji wetu. Droni tumeiacha: vibali vyake ni safari nyingine, na picha moja ya angani haina thamani ya wiki tatu. Sare hatutumii za mamlaka yoyote iliyopo. Tumebuni rangi, nembo ya kundi la nyota na mbuyu, basi.

Juni 26

Begi.

Fundi mabegi wa Majengo alipoambiwa tunataka begi lenye sakafu ya uongo alitutazama, akatazama mlangoni, akasema bei mara mbili. Tulimwonyesha muswada. Bei haikushuka. Elfu 90, kwa begi ambalo tulilileta sisi.

Amefanya kazi nzuri kupita kiasi. Sakafu ya pili ni ubao mwembamba wa plaiwudi uliovikwa kitambaa kilekile cha ndani, umekazwa na vifungo vya kubana chini ya zipu, huoni mshono. Kati yake na sakafu ya kweli pana vidole vinne. Kisha akafanya jambo ambalo hatukumwagiza: alitoboa matundu madogo nyuma ya magurudumu, saba kila upande. Nikamuuliza ya nini. "Si mmesema kobe? Dhahabu haipumui, kobe anapumua."

Tulilipeleka kwa Mzee bila kumwambia limefanywa nini. Hakulifungua mara moja. Alilinyanyua kwa kidole kimoja, akaliweka. Akafungua, akaingiza mkono ndani mpaka vidole vikagusa chini, akaweka alama ya kidole gumba kwenye mkono pale ukingo wa begi ulipofika, akautoa, akaupima ubavuni kwa nje. Mkono uliishia hewani, vidole vinne kutoka sakafuni. Hakusema neno. Akaligeuza, akapuliza vumbi kwenye magurudumu, akahesabu matundu.

Dakika moja na nusu, nilipima. Nikaenda nyumbani na kufuta maelezo yote ya kurasa mbili ambazo Mwaja alikuwa anamweleza mwenzake jinsi alivyogundua. Atapima mkono tu.

Julai 4

Ukumbi wa abiria unajengwa ndani ya ghala Kizota. Lilikuwa la alizeti, na harufu ya mashudu haitoki hata ufanye nini. Waigizaji wanasema wakifumba macho wanaona ng'ombe. Meza mbili za ukaguzi, mkanda wa mizigo unaozungushwa na vijana wawili waliojificha nyuma ya pazia, mabango ya kijani na jekundu.

Tatizo ni mabati. Kuanzia saa nne asubuhi yanapata joto, yanatanuka, na yanalia kama mtu anakanyaga makopo juu ya dari. Fundi wa sauti ameamua: mazungumzo ni kabla ya saa nne au baada ya saa kumi na moja jioni. Katikati tunapiga picha zisizo na maneno, au tunakaa. Mwenye ukumbi wa kwanza tuliokuwa tumelipia kishika nafasi alitutosa siku tatu kabla, hela haijarudi. Sitaki kuliandika zaidi ya hapo, nitapandwa na presha.

Julai 13

Kobe wamefika, lakini nusura wasifike.

Fundi wa vinyago yuko Kondoa. Katuchongea 14 kwa mti mwepesi, miguu na shingo ya mpira wa tyubu, rangi ya udongo na miale ya njano mgongoni. Akawafunga kila mmoja kwenye soksi, kama muswada unavyotaka, akawatia kwenye kiroba, akawapeleka stendi wapakiwe basi la Dodoma. Lami ipo, kilomita 160 hivi, mchana tungekuwa nao.

Saa sita akanipigia simu dada wa vifurushi. Sauti ya baridi.

"Wewe ndiye mpokeaji?"

Ndiyo, dada.

"Unajua hizi ni nyara za serikali?"

Nikacheka, kosa kubwa. Alikuwa amehisi kiroba, akaona kina maumbo, akafungua soksi moja, akaona mguu. Akafunga. Hakufungua ya pili. Alikuwa ameshamwita mlinzi, na abiria wamezunguka, na fundi wetu masikini anaapa kwa jina la mama yake kwamba ni mti. Nilimwomba dada achukue mmoja amgonge mezani. Nikasikia kwa simu: ko, ko, ko. Kimya. Kisha kicheko cha stendi nzima.

Kwa kosa la kweli la namna hiyo mtu huangukia kwenye kesi ya uhujumu uchumi, si jambo la mzaha, na yule dada alifanya kilichopaswa kufanywa na kila mtu kwenye njia ile: alihisi, akauliza. Nimemwandikia sini, onyesho lake mwenyewe. Sehemu ya 5, karani wa vifurushi stendi, dakika mbili. Ni yeye anayempigia Mwaja simu ya kwanza. Nimemwambia fundi amwombe aje aigize mwenyewe. Amesema atamuuliza mumewe.

Agosti 2

Tunapiga picha, siku ya sita. Upepo wa Agosti unaingiza vumbi chini ya mlango wa ghala na msichana wa mwendelezo, anayehakikisha kila picha inafanana na iliyotangulia, anafuta meza ileile mara 30 kwa siku.

Leo ilikuwa sini ya kusachi. Niliandika afisa wa kiume anamkagua abiria mwanamke mwilini huku Mwaja yuko mezani. Mzee, aliyekuja kutazama na kikapu chake cha zabibu, akanyanyua mkono kama mwanafunzi. Sheria haimruhusu. Mwanamke hukaguliwa na mwanamke. Tena anayetakiwa kukaguliwa mwilini ana haki ya kudai apelekwe kwanza kwa hakimu au mkubwa wa forodha, na huyo ndiye aamue kama ukaguzi ufanyike au la.

Kamera zilikuwa tayari, saa tatu imeshapita, mabati karibu yaanze. Nilikaa juu ya sanduku la taa nikaandika upya kwa kalamu. Abiria sasa anaijua haki yake na anaidai, kwa sauti ya upole, mbele ya foleni. Mwaja analazimika kumpeleka kwa bosi, na bosi ndiye aliyepokea simu asubuhi. Ile simu nilikuwa nimeiandika vibaya pia: "Mwachie huyo." Mzee akasema simu za namna hiyo hazisemi mwachie. Zinasema, "Kuna mama yetu anapita hapo, hebu muangalieni." Kila mtu anaelewa, na siku ya siku hakuna aliyetoa amri.

Tumeipata kwa kata mbili, yaani kuipiga mara mbili tu. Bora kuliko kilichokuwa kwenye karatasi.

Sehemu ya 3, ya punda, tulishaimaliza Jumanne. Chumba kimoja, kiti, ndoo, Mwaja akimlinda mtuhumiwa mpaka watu wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wafike, na anaendelea kubaki naye hata walipofika. Wanazungumza habari za shule. Kijana anayeigiza alikula ndizi 11 kwa sababu ya kurudiarudia, na jana hakuja.

Agosti 11

Mhariri amenionyesha picha ya skana aliyoitengeneza kwa kompyuta: begi lote la bluu, kobe wa bluu, nzuri kama bango la disko. Si kweli hata kidogo. Mashine hizo hupiga miale ya nguvu mbili na kulinganisha. Chakula, karatasi, nguo na sabuni hutoka rangi ya chungwa, chuma hutoka bluu, vya katikati kijani, na kilicho kizito mno miale isipenye hutoka cheusi. Kobe ni wa chungwa, jirani wa mkate.

Kwa hiyo rangi haimsaidii Mwaja. Kinachomsaidia ni mpangilio: maumbo 14 yanayofanana, mistari miwili, chini ya mashati. Nani hupanga mikate chini ya mashati? Mhariri amefanya upya. Binti aliyeigiza Mwaja, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, alitazama skrini ile mpya bila kuambiwa kitu, na uso wake ulifanya jambo dogo pembeni ya mdomo ambalo nisingeweza kuliandika. Tumeshikilia hapo sekunde 11. Muziki hakuna, ilimba, ala ya Kigogo ya kupigwa kwa vidole gumba, inaingia baada ya yeye kupumua.

Agosti 19

Kata ya mwisho ya ghalani, saa kumi na mbili na robo jioni. Mabegi yote mawili mezani, mkono wa Mwaja ndani mpaka kiwiko. Mzee hakuja, wanavuna.

Bado siku nne za mwambani Kondoa, na karani wa stendi amekubali. Mume naye anataka kuonekana, nimemwambia atakuwa abiria.

Tumefungasha vifaa. Msichana wa mwendelezo amehesabu kobe mara tatu: 13. Walikuwa 14 mchana, kila mmoja na soksi yake. Mlinzi wa getini anasema hakuna aliyetoka na mzigo, na namwamini. Dada wa mavazi leo alikuja na mwanawe wa miaka minne. Waliondoka mapema, mtoto mgongoni, kimya kabisa, khanga imefungwa vizuri mno.